Polima Ambayo Kazi Yake ni Kuondoka

Mwezi uliopita wifi yangu alifika nyumbani akitokea kliniki ya uzazi wa mpango, mkono wake wa kushoto ukiwa umefungwa bandeji, na kabla hata hajaketi akaniuliza: "Wifi, si wewe ndiye unayesomea hizo plastiki za dawa? Hebu niambie, hiki kijiti kitayeyuka chenyewe, au itanibidi nirudi wakitoe?" Nilimjibu kwamba hakiyeyuki, na kwamba tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake ndiyo tarehe ya kurudi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona nyuzi walizonishona nilipojifungua ziliyeyuka zenyewe?"

Sikuwa na jibu fupi la kumpa, na tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari swali lake, kwa sababu kijiti na uzi wa hospitali ni ndugu wa ukoo mmoja. Vyote viwili ni polima, yaani molekuli ndefu zilizounganishwa kipande kwa kipande kama shanga kwenye uzi. Kimoja kimeundwa kikae mwilini bila kubadilika, kingine kimeundwa kiondoke. Kati ya hivyo viwili ndipo ilipo kazi ninayoifanya kila siku maabara, na nimeona ni vyema niieleze kwa utaratibu, kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine wenye swali kama lake.

Kijiti alichowekewa ni kile kimoja cha miaka 3. Kina urefu wa sentimita 4 na unene wa milimita 2, na ndani yake mna miligramu 68 za homoni iitwayo etonojestreli. Plastiki yenyewe ni ethilini vinili asetati, ambayo maji ya mwili hayawezi kuivunja. Kiini chake kimejaa dawa, na juu ya kiini kuna ganda jembamba la plastiki hiyohiyo lisilo na dawa. Molekuli za homoni ni ndogo na hupenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo hujipenyeza taratibu katikati ya minyororo ya plastiki, hupita kwenye ganda, na kutokea kwenye damu. Katika wiki za mwanzo hutoka mikrogramu 60 hadi 70 kwa siku. Mwishoni mwa mwaka wa tatu hutoka mikrogramu 25 hadi 30. Hakuna betri wala mtambo wa kuhesabu siku. Unene wa ganda na tabia ya plastiki ndivyo vinavyoamua dawa itoke kwa kasi gani, na mtu aliyeketi na kupima unene wa ganda hilo ndiye aliyeamua kwamba wifi yangu hatahitaji kukumbuka kidonge chochote kwa siku elfu moja na zaidi.

Wazo hili lilianza kwenye mpira wa silikoni. Miaka ya mwanzo ya 1960, daktari wa upasuaji aitwaye Judah Folkman, akiwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani pamoja na mwenzake David Long, aligundua kwamba rangi na dawa fulani hupenya ukuta wa mpira huo na kutoka upande wa pili kidogo kidogo. Walichapisha matokeo yao mwaka 1964. Sheldon Segal wa Population Council, shirika la utafiti wa afya ya uzazi, aliona mara moja kwamba kama dawa zinaweza kupita, basi hata homoni ya uzazi wa mpango inaweza kupita, na kutoka hapo ikazaliwa Norplant, vijiti 6 vya silikoni ambavyo Finland ilikuwa nchi ya kwanza kuviidhinisha, mwaka 1983. Vijiti viwili vya miaka 5 ambavyo akina mama wengi wa Afrika Mashariki wanavifahamu ni wajukuu wa vile 6.

Lakini silikoni ilikuwa na mpaka wake: ilipitisha molekuli ndogo tu. Protini, ambazo ni kubwa mara mia na zaidi, hazikupita, na wataalamu wengi waliamini kwamba haziwezi kupitishwa na polima yoyote ngumu. Mwaka 1974 kijana mhandisi wa kemia, Robert Langer, alijiunga na Folkman huko Boston. Folkman alikuwa akitafuta ndani ya gegedu kitu kinachozuia mishipa ya damu isiote kuelekea kwenye uvimbe wa saratani, na ili kukijaribu alihitaji njia ya kukitoa polepole, siku baada ya siku, kwenye jicho la sungura. Langer alijaribu njia nyingi zilizoshindwa, hatimaye akachanganya unga wa protini na myeyusho wa polima ileile ya ethilini vinili asetati na kuugandisha. Punje za protini zilipoyeyuka ziliacha nyuma yake matundu yaliyounganishwa na njia nyembamba zenye kona nyingi, mfano wa vichochoro vya Mji Mkongwe kule Zanzibar, ambamo mgeni hutembea muda mrefu kabla ya kuiona bahari ingawa haiko mbali. Protini ilitoka kwa zaidi ya siku 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1976, na bado wengi hawakuyaamini. Langer mwenyewe amesimulia kwamba maombi yake 9 ya kwanza ya fedha za utafiti yalikataliwa.

Sasa nirudi kwenye uzi.

Uzi wa kwanza wa kutengenezwa viwandani unaoyeyuka mwilini ulitokana na asidi ya glikoliki, na uliingia sokoni mwaka 1970. Kabla yake madaktari walitumia nyuzi zilizotokana na utumbo wa kondoo au ng'ombe. Miaka michache baadaye ukaja uzi wenye sehemu 90 za glikoliki na sehemu 10 za laktiki. Mnyororo wa polima hizi umeunganishwa kwa vifungo vya esta, na kifungo cha esta kina udhaifu mmoja ambao sisi tumeugeuza kuwa hazina: molekuli ya maji inaweza kukikata. Mwili wa binadamu umejaa maji, kwa hiyo tangu dakika uzi unapoingia, maji huanza kukata, kifungo hiki leo na kile kesho, mpaka mnyororo wa maelfu ya vipande unabaki vipande viwili vitatu vinavyoyeyuka na kuchukuliwa na damu. Asidi ya laktiki ni ileile ambayo misuli yako huizalisha unapokimbia kuwahi daladala. Mwili unaijua, unaichoma kuwa nishati, na mwisho wake ni hewa ya kaboni unayoitoa puani pamoja na maji. Sijui jambo jingine katika kemia linalonigusa kuliko hili, kwamba kitu kilichotengenezwa na binadamu kinaweza kuingia mwilini, kikafanya kazi yake, kisha kikatoka kama pumzi.

Uzuri wa polima hii mchanganyiko, ambayo maabara tunaiita PLGA, ni kwamba uwiano wa vipande viwili ndio saa yake. Kipande cha laktiki kina kikundi kidogo cha ziada cha kaboni kinachofukuza maji, kwa hiyo kadiri laktiki inavyozidi ndivyo maji yanavyochelewa kuingia. Nusu kwa nusu huisha baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Ukiweka laktiki sehemu 75, inaweza kufika miezi minne au mitano. Laktiki tupu iliyopangika vizuri kama fuwele inaweza kukaa zaidi ya miaka miwili. Mwaka 1989 Marekani iliidhinisha sindano ya leuprolaidi iliyofungwa ndani ya chembe duara za polima hii kwa ajili ya saratani ya tezi dume. Mgonjwa aliyekuwa akidungwa kila siku sasa akawa anadungwa mara moja kwa mwezi.

Hata hivyo, PLGA ina tabia moja inayotusumbua. Huvunjika kama andazi lililochovywa kwenye chai: maji yanaingia mpaka katikati, na kitu kizima kinalegea kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo, asidi inayozaliwa katikati haina njia rahisi ya kutoka, inajikusanya, na asidi hiyo inaharakisha ukataji wa vifungo vingine, hivyo kiini kinaoza haraka kuliko ngozi ya nje. Kama dawa yako ni protini, inaweza kuharibika humo ndani kabla haijamfikia mgonjwa. Langer na wenzake walitaka polima inayoisha kama kipande cha sabuni ya mche, kutoka nje kuja ndani, tabaka kwa tabaka, na wakaipata katika kundi la polianhidridi, ambazo vifungo vyake vinakatika haraka sana lakini ambazo zenyewe zinachukia maji, kwa hiyo maji hayawezi kwenda mbali na uso. Kutokana nazo vikatengenezwa visahani vidogo vyenye ukubwa wa sarafu, kila kimoja na miligramu 7.7 za dawa ya saratani iitwayo karmustini, ambavyo daktari huvipanga, hadi 8 kwa mgonjwa mmoja, kwenye shimo lililobaki baada ya kuondoa uvimbe wa ubongo. Viliidhinishwa mwaka 1996. Katika jaribio la wagonjwa 222 lililoongozwa na Henry Brem, nusu ya waliowekewa dawa waliishi zaidi ya wiki 31, ikilinganishwa na wiki 23 kwa waliowekewa visahani vitupu. Wiki 8 ni chache mno ukiziandika kwenye karatasi, lakini kwa familia iliyoketi kando ya kitanda siyo chache.

Mimi ninatengeneza chembe duara za PLGA. Nayeyusha polima kwenye kimiminika kinachoruka upesi, natia dawa, namimina kwenye maji yenye kisaidizi kinachozuia matone yasiungane, kisha nakoroga kwa kasi mpaka bika lote, yaani kile chombo cha kioo cha maabara, linageuka jeupe kama tui. Baada ya saa kadhaa kimiminika kimeruka, na matone yamekuwa chembe ngumu. Ukiziangalia kwenye hadubini ni mviringo mzuri unaoweza kukudanganya kwamba kazi imekwisha. Haijaisha. Dawa iliyobaki karibu na uso hukimbilia nje siku ya kwanza, na huo mmiminiko wa mwanzo ndio unaoharibu mipango mingi: mgonjwa anaweza kupata nyingi mno leo na pungufu wiki ya tatu. Nimetumia karibu mwaka mzima nikibadilisha kasi ya kukoroga, kiasi cha chumvi kwenye maji, na ujoto wa kukaushia, nikijaribu kuupunguza mmiminiko huo, na ninaamini sehemu hii isiyo na sifa ndiyo inayotenganisha makala ya kisayansi na dawa ambayo mtu anaweza kuitegemea.

Halafu kuna joto. Polima iliyoundwa ikatwe na maji kwenye nyuzijoto 37 haiwezi kutofautisha mwili wa mgonjwa na stoo ya Dar es Salaam mwezi wa pili. PLGA kavu hulegea kwenye nyuzijoto 45 hadi 50 hivi, lakini ikinywa unyevu wa hewa kiwango hicho hushuka sana, na hewa ya pwani haina upungufu wa unyevu. Mwaka juzi umeme ulikatika siku tatu mfululizo wakati wa sikukuu, friza ikayeyuka, na chupa ambayo ilitumia sehemu kubwa ya bajeti yangu ikabaki imefungwa vibaya kwenye joto. Kwa macho haikuonekana kuwa na tatizo, ila unga ulikuwa umeshikana kidogo. Hatuna mashine ya kupima urefu wa minyororo moja kwa moja, kwa hiyo tulitumia njia ya zamani: kuyeyusha polima, kuipitisha kwenye mrija mwembamba wa kioo, na kuhesabu sekunde kwa saa ya mkononi. Minyororo mirefu hufanya myeyusho kuwa mzito na kupita polepole. Wangu ulipita upesi mno. Polima ilikuwa imeanza kufa ndani ya chupa, ikitimiza amri tuliyoipa, mahali ambapo hatukuwa tumekusudia.

Nilihuzunika kwa siku kadhaa, kisha nikaanza kuliangalia jambo hili kwa jicho jingine. Karibu dawa zote za aina hii zimebuniwa na watu wenye umeme usiokatika, na sharti la kuzihifadhi kwenye baridi limeandikwa kana kwamba ni jambo dogo. Nadhani mbunifu aliyezaliwa kwenye joto anapaswa kuliweka sharti la stoo mwanzoni kabisa mwa kazi yake, sawa na sharti la kutokuwa na sumu: nikichagua uwiano wa vipande, niulize pia kama dawa itavuka miezi sita kwenye zahanati isiyo na friji.

Upande wa pili wa fani hii, uhandisi wa tishu, unatumia polima hizohizo kwa kusudi tofauti. Anayejenga nyumba ya ghorofa anaijua mirunda, ile miti inayoshikilia zege la sakafu ya juu mpaka likomae. Ukiing'oa mapema, sakafu inaanguka. Ukiiacha milele, nyumba haikaliki. Kiunzi cha polima ndani ya mwili ni mirunda ya namna hiyo: seli zinapanda juu yake, zinajenga tishu yao, na kiunzi kinapaswa kupungua kwa kasi ileile ambayo tishu inaongezeka. Hapa wazo la muda linakuwa gumu zaidi, kwa sababu anayejenga ni mgonjwa mwenyewe, na mtoto hajengi kwa kasi ya mzee.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa ngozi. Ioannis Yannas wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, na daktari wa upasuaji John Burke walitengeneza tabaka la kolajeni ya ng'ombe, protini inayoipa ngozi uimara, lililochanganywa na sukari ndefu kutoka gegedu la papa, lenye matundu kama sifongo, na juu yake wakaweka utando mwembamba wa silikoni wa kuzuia maji yasipotee na vijidudu visiingie. Mwaka 1981 walieleza wagonjwa 10 wenye majeraha ya moto yaliyofunika asilimia 50 hadi 95 ya mwili. Seli za mgonjwa ziliingia kwenye sifongo, zikajenga ngozi ya ndani, kolajeni ya kigeni ikaliwa taratibu, na silikoni ikabanduliwa ili kupandikiza tabaka jembamba la juu. Yeyote aliyewahi kuingia wodi ya watoto walioungua kwa uji au maji ya moto jikoni atajua kwa nini sentensi hiyo moja inanitoa machozi. Kovu la moto hujikunja na kuvuta kiwiko au shingo kwa miaka. Ngozi iliyojengwa juu ya kiunzi kizuri haijikunji kiasi hicho.

Ngozi ni nyembamba, na hilo lilisaidia. Seli nyingi haziwezi kuishi mbali na mshipa wa damu zaidi ya mikromita 100 hadi 200, takriban unene wa karatasi moja au mbili, kwa kuwa oksijeni haifiki. Ndiyo sababu hatuna ini wala figo ya kutengenezwa hadi leo, ingawa Langer na Joseph Vacanti waliichora fani nzima kwa matumaini makubwa katika makala yao ya mwaka 1993. Mwaka 2006 Anthony Atala alitangaza vibofu vilivyokuzwa juu ya viunzi vya kolajeni na asidi ya poliglikoliki kwa wagonjwa 7. Jaribio lililofuata, lililochapishwa mwaka 2014, halikuonyesha kwamba vibofu vilipata uwezo uliotarajiwa. Kushindwa huko kulitangazwa waziwazi, na kwa hilo nawaheshimu.

Lililotokea Stockholm lilikuwa jambo jingine. Mwaka 2011 daktari Paolo Macchiarini alimwekea mgonjwa koo la hewa la plastiki lililopakwa seli za uboho, na dunia ikaambiwa kwamba seli zitaigeuza plastiki kuwa kiungo hai. Plastiki ile haikuota mishipa ya damu. Mgonjwa alifariki mwaka 2014, na wengine waliofanyiwa upasuaji kama huo hawakuwa na hali bora. Mwaka 2023 mahakama ya rufani ya Sweden ilimhukumu daktari huyo kifungo cha miaka 2 na nusu. Kila mwanafunzi anayejiunga nasi maabara namwomba aisome kesi hiyo kabla ya kugusa polima yoyote.

Watu huniuliza kuhusu mwani wa Zanzibar. Ndiyo, ndani yake mna polima: karajinani, ambayo aina inayotoka kwenye mwani uitwao kotonii huganda imara ikikutana na potasiamu, na ile ya mwani uitwao spinosamu hutoa jeli laini inayonyumbuka. Jeli za namna hii hushika maji mengi na zinafanana na tishu laini, na ulaini wenyewe una maana kubwa, kwa kuwa mwaka 2006 Adam Engler na Dennis Discher walionyesha kwamba seli shina, yaani seli ambazo bado hazijawa za aina maalumu, zikiwekwa juu ya jeli laini kama ubongo huelekea kuwa za neva, na juu ya jeli ngumu zaidi huelekea kuwa za misuli au mfupa. Lakini safari kutoka kamba za akina mama wanaolima mwani Paje hadi chumba cha upasuaji ni ndefu. Mabaki ya bakteria lazima yaondolewe mpaka yasiweze kuleta homa, na kila shehena ifanane na iliyotangulia, wakati mwani hubadilika kwa msimu na kwa joto la bahari. Sehemu kubwa ya mwani wetu inasafirishwa ikiwa mikavu tu, haijasafishwa. Kazi ya kuisafisha hapahapa ni kazi ya kemia ya kawaida, na ningependa kuiona ikifanywa kabla sijastaafu.

Wiki moja baadaye nilimrudia wifi. Nilimweleza yote haya kwa lugha ya jikoni, nikamwambia kwamba watafiti walishajaribu vijiti vya homoni vilivyotengenezwa kwa polikaprolaktoni, polima inayoyeyuka polepole sana, ili mwanamke asihitaji kurudi kukatwa tena. Nilitegemea afurahi.

"Sasa," akaniuliza, "kikishaanza kuyeyuka, halafu mimi nikataka mtoto mapema, mtakitoaje?"

Alikuwa amegusa penyewe. Kijiti kisichoyeyuka kinaweza kutolewa siku yoyote mwenyewe akitaka, ilimradi ampate mhudumu anayejua kukitoa, na huko vijijini si kila mara anapatikana. Chembe zangu duara, zikishadungwa, hakuna mkono unaoweza kuzikusanya. Miaka yote hii nimekuwa nikipanga muda wa polima kana kwamba muda huo ni wangu kuupanga.

Katika daftari langu sasa kuna ukurasa mpya. Jeli ya alginati, ambayo hutokana na mwani wa kahawia na kushikwa na kalsiamu, hufunguka upya ukiimwagia sitireti, chumvi ya asidi iliyomo kwenye limau, kwa sababu sitireti huichukua kalsiamu na kuiacha minyororo bila kitu cha kushikamana nacho. Ndani ya bika hutokea kwa dakika chache. Ndani ya mwili ni suala jingine kabisa, maana huwezi kumdunga mtu sitireti kiholela, lakini nimeanza kujaribu kufunika chembe za PLGA kwa jeli hiyo ili zikae pamoja kama furushi moja linaloweza kushikwa na kutolewa katika wiki za mwanzo. Chupa tatu za kwanza ziko kwenye maji ya chumvi, nyuzijoto 37, tangu Jumatatu.